Msitu wa Mjini Hulindwa na Wapita Njia

Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa mji

Waliokosa viti wasogee mbele, mikeka imeshatandikwa.

Mhadhara huu una kusudi moja. Unataka kuonyesha kwamba msitu uliozungukwa na mji haulindwi na sheria peke yake, wala na uzio peke yake, wala na ushujaa wa mtu mmoja, hata mtu huyo awe mkubwa kiasi gani. Unalindwa na watu wanaouingia kwa miguu yao, leo na kesho na mtondo, hadi wakajua kuusoma kama mvuvi anavyolisoma bamvua. Mashahidi wataitwa wawili: Msitu wa Karura, Nairobi, na Haller Park, hapa hapa Bamburi. Wa kwanza ulikuwa msitu, watu wakataka kuumaliza. Wa pili ulikuwa shimo la mawe, mtu akaugeuza msitu. Hoja ni nne. Hazilingani kwa urefu, kwa kuwa hazilingani kwa uzito.

Hoja ya kwanza: msitu usio na wapitaji hauna shahidi

Karura uko kaskazini mwa Nairobi. Una hekta 1,041, yaani karibu mara tatu ya bustani ya Central Park ya New York, na ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932. Barabara ya Limuru na barabara ya Kiambu zinaukata. Majirani zake ni Muthaiga, Runda na Gigiri, yaliko makao makuu ya shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira. Anayejua bei ya kiwanja mitaa hiyo hahitaji kuelezwa kwa nini wanyakuzi wa ardhi waliutamani.

Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya msitu iligawiwa kimyakimya kwa kampuni binafsi za ujenzi. Siri hiyo iliwezekanaje katikati ya mji mkuu, kwenye ardhi ya umma, kando ya barabara mbili zenye magari usiku na mchana? Iliwezekana kwa sababu ndani hamkuwa na mtu wa kuona. Jina la Karura lilitajwa kwa hofu. Palikuwa mahali pa kuporwa, na mahali ambapo maiti zilitupwa. Mzazi wa Nairobi alimtisha mtoto wake kwa jina hilo. Mwananchi wa kawaida alipita nje akiwa ndani ya matatu, akaona ukuta wa miti, basi. Matingatinga yangeweza kufanya kazi nyuma ya ukuta huo kwa wiki nzima bila yeye kujua.

Waliojua walikuwa wachache, na mbele yao alikuwa Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977. Yeye na wenzake walianza kwenda Karura mwaka 1998, wakibeba miche badala ya mabango. Tarehe 8 Januari 1999 walifika langoni pamoja na wabunge na waandishi wa habari ili wapande miti. Walikuta kundi kubwa la walinzi wenye rungu na silaha nyingine. Wangari alipigwa kichwani. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha mashtaka, alitia sahihi kwa damu iliyokuwa ikimtoka kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani mwezi huo huo. Tarehe 16 Agosti 1999, Rais Moi akatangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Simulizi nyingi za Karura huishia hapo, na kuishia hapo ni kosa. Ushindi wa mwaka 1999 uliuokoa msitu kwenye karatasi. Kwa takriban miaka kumi iliyofuata Karura ulikuwa salama kisheria lakini bado unaogopwa, bado unakatwa kuni na makaa, bado hauna mgeni. Badiliko la pili lilikuja taratibu, bila picha za magazeti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliruhusu jamii kuunda vyama na kusimamia misitu kwa ubia na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Chama cha Marafiki wa Karura kikaundwa. Uzio wa umeme ukajengwa. Vijana kutoka mitaa ya jirani, ikiwemo mitaa ya mabanda, wakaajiriwa kuwa walinzi wa ndani. Vijia vikafyekwa, vikawekewa alama.

Halafu watu wakaanza kuja. Mwanzoni walikuja wachache wenye mbwa na viatu vya kukimbilia, kisha familia, kisha vikundi vya makanisa, shule na wapanda baiskeli. Leo msitu una njia za miguu na baiskeli zenye urefu wa takriban kilomita 50, na mwisho wa juma huingia watu kwa mamia. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hapa ni mti. Kila anayepita njia hiyo ni jicho. Gogo lililokatwa jana ataliona, moshi ataunusa, na tingatinga likifika atalipiga picha kabla halijazima injini.

Hoja ya pili: njia ni darasa, lakini lazima ifundishe

Walimu, hoja hii ni yenu, na ndiyo itakayokaa zaidi.

Kutembea porini peke yake si elimu ya mazingira. Watoto arobaini wanaweza kushushwa kwenye basi, wakakimbia, wakala mkate na soda, wakarudi nyumbani wakikumbuka soda. Tofauti inaletwa na jinsi njia ilivyopangwa na jinsi anayeongoza anavyouliza. Karura makutano ya vijia yamewekewa nguzo zenye namba. Mtoto anapewa ramani na anaambiwa: tuko namba hii, tupeleke namba ile. Papo hapo yeye ndiye kiongozi, na aliyezoea kuburutwa nyuma ya mwalimu sasa anatazama jua liko upande gani.

Njia ikimtoa kwenye shamba la mikaratusi na kumwingiza kwenye miti ya asili, somo linajifundisha lenyewe. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia, na karibu na Nairobi ilipandwa kwa wingi enzi za ukoloni ili iwe kuni za injini za reli. Imesimama wima kama milingoti, na chini yake ni majani makavu na nafasi tupu. Hatua chache mbele hewa inabadilika. Kuna mukinduri, kuna muhugu, kuna mutamaiyu ambao ni mzeituni mwitu, kuna mugumo ulioheshimiwa na Wakikuyu tangu zamani. Majina haya ni ya Kikikuyu na yanafaa kufundishwa hivyo hivyo, kwa kuwa wenye msitu ndio walioipa miti majina. Chini pamejaa: miche, uyoga, mizizi, siafu wanaovuka njia.

Muhugu unastahili kusimamiwa kidogo, maana unaihusu Mombasa. Mafundi wa kuchonga vinyago pale Changamwe wanaujua vizuri. Ni mti mgumu, unang'aa ukipigwa msasa, na kwa miaka mingi ulipendwa kwa vinyago hadi ukaanza kuadimika, hata katika msitu wa Arabuko-Sokoke. Mtoto wa Changamwe ambaye babake ameilisha familia kwa muhugu akiuona ukiwa hai, umesimama, una majani, atauliza swali ambalo hakuna kitabu kitakachomuulizia.

Zoezi moja halihitaji fedha. Chukua kamba ya meta 4, ifunge iwe mraba wa meta moja kila upande. Itandaze chini ya mkaratusi, watoto wahesabu aina za miche na wadudu waliomo. Kisha itandaze chini ya mukinduri, wahesabu tena. Zoezi la pili ni kikombe cha maji. Kimwage juu ya udongo ulioshindiliwa wa maegesho ya magari, kisha kimwage kwenye udongo mweusi wa msitu, na mtoto mmoja ahesabu sekunde hadi maji yapotee. Aliyefanya hivyo haambiwi tena kwamba msitu hunyonya mvua. Ameona sehemu ya kwanza ikifanya dimbwi na ya pili ikinywa.

Wanyama nao wana somo lao. Kati ya mwaka 2014 na 2016 mbega zaidi ya 100 walihamishwa kutoka Kipipiri, kaunti ya Nyandarua, wakaletwa Karura. Kule kwao miti ilikuwa imekwisha, wamebaki kwenye vichaka kati ya mashamba ya watu wakigombana na wakulima. Mbega hula majani hasa, na tumbo lake lina vyumba vya kuchachulia majani hayo, karibu kama la ng'ombe. Bila dari ya miti iliyoshikana hawezi kuishi vizuri. Mtoto anayemwona leo akiruka, manyoya meupe yakimfuata kama shuka, anaona pia sababu ya kutokata mti ulio katikati ya miti miwili.

Kisha kuna mto. Hapa msikilizaji wa Pwani asikie kwa makini. Ndani ya Karura mna mito midogo, maporomoko ya maji, na mapango yaliyowahi kuwaficha wapiganaji wa Mau Mau miaka ya 1950. Watoto husimama kwenye maporomoko hayo, wakatupa jani. Jani hilo linakwenda wapi? Mito ya Karura huingia Mto Nairobi, Mto Nairobi huingia Athi, Athi hupita Ukambani na Tsavo ikaitwa Galana, na Galana ikikaribia bahari huitwa Sabaki. Sabaki huingia Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya Malindi. Watu wa Malindi mnajua bahari yenu inavyogeuka rangi ya chai mvua zikinyesha bara. Udongo ule ni mashamba ya watu yanayosafiri. Na mfuko wa plastiki uliotupwa mtaroni Nairobi unao mwaliko ule ule wa kuja Malindi.

Mtoto akiufuata mto huo kwa kidole kwenye ramani, kutoka msitu wa Nairobi hadi ufuo wa Malindi, jiografia, historia na uraia vimekutana katika somo moja.

Hoja ya tatu: ardhi iliyokufa inaweza kurudishwa, na Bamburi ni ushahidi

Mto Sabaki unatuleta Bamburi kwa njia ambayo wengi wenu mnaikumbuka. Mwishoni mwa mwaka 2004 mtoto wa kiboko wa Sabaki alisombwa hadi baharini. Tsunami ya tarehe 26 Desemba ilimwacha amekwama kwenye mwamba karibu na Malindi, bila mama. Watu wakamwokoa kwa nyavu na kamba siku iliyofuata, wakamleta Haller Park. Alipofunguliwa alimkimbilia kobe mkubwa wa Aldabra aliyekuwa anaitwa Mzee, akajificha nyuma yake. Kiboko aliitwa Owen, na picha za wawili hao zikaenda dunia nzima.

Dunia ilimpenda Owen, na ni haki yake. Lakini ajabu kubwa ya Bamburi si kiboko. Ni ile ardhi aliyolazwa juu yake.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilichimba mawe ya matumbawe kwa miaka mingi. Kilichobaki kilikuwa shimo jeupe, jua linawaka juu na chini, na maji ya chumvi sentimita chache chini ya sakafu. Hapakuwa na udongo. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alijaribu kupanda aina 26 za miti ndani ya shimo hilo. Zilizoendelea kuishi zilikuwa tatu tu, na mojawapo ni mti tunaoujua sote kwenye fukwe zetu: mvinje.

Mvinje huvumilia chumvi, na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyopata naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaweza kuanza maisha mahali ambapo mwingine angekufa njaa. Lakini tatizo likazuka. Majani yake membamba kama sindano yalianguka, yakarundikana, hayaozi. Msitu ulikuwa unakua juu ya zulia la majani makavu, bila udongo kuundika chini. Haller akamwona jongoo mwenye miguu myekundu akila sindano hizo. Majongoo wakakusanywa, wakaletwa shimoni kwa mamia. Wakala, wakanya, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo mweusi. Juu ya udongo huo ikapandwa miti mingine, wakaja ndege wakiwa na mbegu matumboni mwao, wakaletwa swala na pofu na twiga, yakachimbwa mabwawa ya samaki.

Mwaka 1984 palifunguliwa kwa wageni kama njia ya kutembea na kujifunza. Tangu hapo vizazi vya wanafunzi wa Mombasa vimepita pale. Waliokaa ukumbini humu na wamewahi kwenda na shule, hebu wanyooshe mikono. Naam, ni wengi. Sasa wabakize mikono juu wale walioambiwa habari za jongoo.

Mikono iliyobaki ni michache, na hiyo ndiyo kazi iliyo mbele yetu. Mtoto huonyeshwa twiga, akapigwa picha na kobe, akatoka bila kuambiwa kwamba alipokuwa akikanyaga palikuwa jiwe tupu, na kwamba mfanyakazi mkuu pale alikuwa mdudu ambaye nyumbani tunamfagia nje. Ziara inayoanza na jongoo na kumalizia na twiga itamfundisha zaidi kuliko inayokwenda kinyume. Mwenye shule aijaribu.

Hoja ya nne: adabu ya kuingia, na haki ya kuingia

Hoja hii ni fupi, ingawa si ndogo.

Pwani haikusubiri ramani wala nguzo za namba ili ijue kwamba msitu una njia na masharti. Makaya ya Wamijikenda, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, yamelindwa kwa karne nyingi na wazee wa kaya kwa masharti yanayoeleweka na kila mtu. Anayezuru Kaya Kinondo, Diani, hufungwa shuka nyeusi kiunoni, hufuata njia aliyoonyeshwa, na hatoki na kitu, hata tawi kavu. Elimu ya mazingira iliyo bora hapa kwetu ingeanzia kwa wazee hao, si kwa kitini kilichopigwa chapa mbali. Serikali nayo imeongeza masharti yake: tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi ndani ya misitu ya hifadhi, mbuga na fukwe zilizotengwa.

Upande wa pili wa adabu ni haki. Kiingilio cha langoni ni kidogo kwa mwenye gari, ni kikubwa kwa mama mwenye watoto wanne ambaye jana alikuwa anaokota kuni humo humo. Uzio unaomzuia mwizi wa magogo humzuia na yeye. Karura ulipata nafuu ulipowaajiri majirani wake maskini na kuwaita walinzi badala ya kuwaita wavamizi. Hifadhi yoyote ya mjini isiyofanya hivyo itakuwa bustani ya wenye nacho, na siku itakapohitaji shahidi, waliozuiwa langoni hawatakuwa na sababu ya kusimama.

Yaliyo mbele

Mombasa ni kisiwa, na kisiwa hiki kimekumbatiwa na mikoko. Mkondo wa Tudor una mikoko upande wa bara na upande wa mji, mingine hatua chache kutoka kwenye madarasa yenu. Humo mna kaa, mna kamba wachanga, mna mizizi inayoshika tope lisikimbilie baharini. Humo pia mna taka za mji, na watu wenye panga.

Mtaala wa umilisi unalo somo la Shughuli za Mazingira katika madarasa ya chini, kwa hiyo nafasi kwenye ratiba ipo. Pendekezo la mhadhara huu ni kwamba kila shule iliyo karibu na mkondo ichague kijia kimoja kilichopo tayari, kile wanachopita wavuvi na wachuuzi wa kaa, na ikifanye darasa lake. Haihitajiki kujenga kitu. Ratiba ya maji kujaa na kupwa ibandikwe ukutani, ili watoto waende bamvua likiwa limetoa. Mvuvi mmoja wa mtaa aombwe awe mwalimu wa siku na alipwe kama mwalimu. Kamba ya meta 4 iwemo mfukoni. Daftari liandikwe tarehe, idadi ya miche mipya ndani ya mraba, idadi ya visiki, na aina za ndege, kisha kila muhula watoto warudi mahali pale pale.

Baada ya miaka mitano daftari hilo litakuwa na kumbukumbu ambayo pengine hakuna ofisi iliyo nayo, imeandikwa kwa mkono wa watoto wanaokijua kila kisiki. Na iwapo siku moja itatokea hati ya kiwanja juu ya mikoko hiyo, watakuwepo vijana wa miaka kumi na mitano wenye ushahidi wa kuupeleka mahakamani.

Nakala za ratiba ya maji ziko mezani karibu na mlango, na kamba zimeshakatwa, moja kwa kila shule iliyojiandikisha. Safari ya kwanza ni Jumamosi ijayo, bamvua likitoa. Mwenyekiti sasa atapokea maswali, na yule mwanafunzi wa mkekani aliyenyoosha mkono tangu habari za jongoo aanze yeye.